Sekunde 83 za mtoto wa darasa la awali

Mvulana mmoja amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, pembeni mwa jamvi lililochanika. Mbele, mwalimu ameandika a, e, i, o, u ubaoni na anagonga kila herufi kwa ncha ya fimbo. Darasa zima linaitikia kwa pamoja, kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili, upande wa pili wa ukuta, amefunga dirisha. Mvulana haitikii. Ana vizibo tisa vya soda. Anavipanga viwili viwili sakafuni, kimoja kinabaki. Anavichanganya, anavipanga tena, kimoja kinabaki. Anakishika kile kimoja, anakigeuzageuza, anakiweka hapa, anakiweka pale. Kengele inalia. Anavizoa vyote, anavitia mfukoni na kutoka mbio.

Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake, mgeni katika shule moja ya msingi ya serikali huko Kanda ya Ziwa. Mtoto wa miaka mitano alikuwa anajifundisha mwenyewe habari ya namba witiri na namba shufwa, na mtu mzima pekee aliyemwona hakujua hata jina lake. Mwalimu hakumwona, wala simlaumu. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu vichwa: watoto 130, mwalimu mmoja.

Chukua kalamu. Darasa la awali likikaa saa tatu ni dakika 180. Zigawe kwa watoto 130, kila mmoja anapata sekunde 83 za mwalimu wake kwa siku, na hapo mwalimu asimfute mtu kamasi, asimpeleke mtu chooni, asiamue ugomvi wa penseli. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kwa kiwango hicho mtoto yuleyule angepata dakika saba na sekunde kumi na mbili. Ndani ya dakika saba mwalimu anaweza kupiga magoti kwenye jamvi na kuuliza, "Mbona hiki kimebaki peke yake?" Ndani ya sekunde 83 hawezi.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu msingi wa elimu ya awali huanzia kwingine. Kijiji kikiamua kuwa na darasa la awali, kikao cha kwanza kinajadili tofali, cha pili kinajadili bati, cha tatu kinachangisha fedha za milango. Suala la mwalimu linaachwa kwa mwalimu mkuu, naye atampanga yeyote atakayepatikana: anayekaribia kustaafu, au binti wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Jengo likikamilika watu wanapiga picha. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea, na tumekosea hivyo kwa muda mrefu.

Elimu ya awali Tanzania haikuanzia serikalini. Vijiji vya ujamaa vilikuwa na vituo vya kulelea watoto mchana ili akina mama waende shambani. Makanisa yalikuwa na vyao. Mijini kulikuwa na shule za vidudu, jina ambalo wazee bado wanalitumia kwa upendo. Na Pwani mtoto alipelekwa chuoni kujifunza Kurani kabla hajaota meno ya pili. Serikali iliitambua rasmi katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya sehemu ya elimumsingi: mwaka usiopungua mmoja kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na mitano, bila ada katika shule za umma. Utekelezaji ulipoanza Januari 2016, kila shule ya msingi ilitakiwa kuwa na darasa la awali.

Wazazi waliitikia kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2015 walioandikishwa walikuwa kama milioni moja. Mwaka 2016 walizidi milioni moja na nusu. Kwa mwaka mmoja tu taifa lilipokea karibu nusu milioni ya watoto wapya wa awali, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Katika shule za serikali, mwalimu mmoja mwenye sifa alikabili watoto zaidi ya 100 kwa wastani. Darasa nililolitembelea ni la kawaida kabisa.

Mkondo huo tuliwahi kuupita. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yakafurika, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo huku wakifundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ada ya shule za msingi ilipofutwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), madarasa yakafurika tena. Mwaka 2016 ikawa mara ya tatu, safari hii kwa watoto wadogo zaidi. Sisemi milango ingefungwa. Ada ilikuwa inawabagua watoto wa maskini, na kuiondoa kulikuwa haki. Ninachosema ni kwamba mtoto wa darasa la tano aliyesongamana na wenzake sabini anaweza kunakili ubaoni akapata chochote. Mtoto wa miaka minne hana namna hiyo. Yeye hujifunza kwa mtu mzima anayemtazama, anayemjibu na anayemwita kwa jina.

Jengo, kwa haki yake, lina umuhimu. Katika fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilizojenga madarasa 15,000 mwaka 2021, madarasa 3,000 yalikwenda kwenye shule shikizi, zile zinazojengwa karibu na vitongoji vilivyo mbali na shule mama. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea kilomita sita na kuvuka korongo wakati wa masika. Shule shikizi zimewaokoa watoto wengi wasianze shule wakiwa na miaka tisa. Lakini kuta zikishasimama zinasubiri mtu wa kuingia ndani.

Je, darasa lolote si bora kuliko kukaa nyumbani? Ningependa kusema ndiyo, ila ushahidi hauniruhusu. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto karibu 3,000 wa familia zenye kipato cha chini walioombewa nafasi katika madarasa ya awali ya serikali ya jimbo. Nafasi zilitolewa kwa bahati nasibu, kwa hiyo waliopata na waliokosa walikuwa watoto wa aina moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba walipofika darasa la sita, waliosoma awali walikuwa nyuma ya wale waliokosa, na walikuwa na makosa mengi zaidi ya nidhamu. Hayo ni madarasa yenye majengo, vitabu na walimu wenye leseni. Bado watafiti wanabishana kuhusu sababu, lakini lililo wazi ni kwamba kuandikisha mtoto si sawa na kumfundisha.

Sasa linganisha na mkoa wa Gaza, Msumbiji. Kuanzia mwaka 2008 shirika la Save the Children lilifungua madarasa ya awali vijijini. Wanakijiji walitoa ardhi na nguvu kazi, na walezi walikuwa watu wa kijijini hapohapo waliopewa mafunzo na usimamizi. Watoto walikaa saa tatu na kidogo kwa siku. Gharama ilikuwa dola 2 na senti 47 kwa mtoto kwa mwezi. Watoto waliopitia madarasa hayo walikuwa na uwezekano wa kuandikishwa shule ya msingi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 24, na walikuwa mbele katika kufikiri na kutatua mambo. Gaza ya Msumbiji haina fedha za Tennessee, kwa hiyo hatuwezi kujificha nyuma ya umaskini na kusema jambo hili limetushinda.

Mfano ninaouamini zaidi, hata hivyo, uko kwetu Pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walimpelekea Aga Khan kilio chao. Watoto wao walikuwa wakisoma chuoni, wanahifadhi sura nyingi tu, lakini walipofika mlangoni mwa shule ya msingi walionekana hawajui kitu na wakabaki nyuma. Wazazi hawakutaka kuchagua kati ya dini na shule. Kutokana na kilio hicho ukazaliwa mpango wa shule za awali za madrasa: Mombasa kwanza, Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda mwaka 1993. Baada ya muda shule hizo zilizidi 200.

Mwalimu aliyeubeba mpango huo tangu mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said wa Mombasa. Tazama alianza na nini. Hakujenga shule mpya. Majengo ya vyuo yalikuwapo, mengi yakikaa wazi asubuhi. Alianza na wanawake wa mtaa, wengi wao hawajafika mbali kimasomo, wakafundishwa namna ya kukaa na mtoto. Utaratibu wa darasa ulitokana na HighScope, ulioasisiwa mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan: mtoto anasema leo atacheza nini, anacheza, kisha anaeleza alichofanya. Ila vitu vya kuchezea vilikuwa vya Kimombasa hasa: vifuu vya nazi, makuti, vikapu vya ukindu, mbegu za ubuyu, vipande vya kanga kwa ajili ya duka la kuigiza. Nyimbo na hadithi zilikuwa za Kiswahili na za Kiislamu. Mtoto hakulazimika kuvua nafsi yake mlangoni.

Halafu kuna jambo ambalo programu nyingi huliruka. Mwalimu hakupewa semina ya wiki moja kisha akaachwa. Mkufunzi alimfuata darasani, akaketi naye, akamwonyesha, akarudi tena, kwa muda wa miaka. Jamii nayo ilitia saini mkataba: kamati ya shule itafanya hili, wazazi watachangia kile, ofisi ya mpango italeta mafunzo. Shule ilipofikia viwango ilifanyiwa mahafali yake yenyewe, shule nzima ikihitimu, na hata baada ya hapo wakufunzi hawakukata mguu. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliosoma awali, ya aina yoyote, waliwapita waliobaki nyumbani. Na wa shule za madrasa waliwapita wa shule nyingine za awali.

Mpango huo nao ulikuwa na donda lake, na ni donda lilelile la kila mahali: mshahara. Mwalimu alitegemea michango ya wazazi. Samaki wakikosekana baharini, michango inakosekana. Mwalimu aliyekwisha kuiva anapata kazi yenye uhakika zaidi na kuondoka, na shule inaanza upya na binti mwingine.

Hapo ndipo pa kuchimba msingi. Kenya ilijaribu njia yake: Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 kaunti zimejenga madarasa ya awali ya PP1 na PP2 na kuajiri walimu. Hatua kubwa, kwa sababu chekechea nyingi za harambee zilikuwa zikiishi kwa ada za wazazi. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza ameajiriwa na tume ya taifa ya huduma za walimu, TSC, na wa chekechea ameajiriwa na kaunti. Wanafundisha kwenye kiwanja kimoja, chini ya mlingoti mmoja wa bendera, kwa masharti tofauti ya kazi, na malipo ya yule wa chekechea yanategemea kaunti iliyomwajiri. Mtoto mdogo zaidi, ambaye ndiye mgumu zaidi kufundisha, amepewa mwalimu mwenye ajira dhaifu zaidi.

Tanzania imejaribu kujazia kwa walimu wasaidizi wa jamii. Katika mpango wa EQUIP-T, uliofadhiliwa na Uingereza katika mikoa kama Lindi, Mara na Shinyanga, vijana wa kijijini walipewa mafunzo na vitabu vya hadithi, wakawaandaa watoto kwa wiki chache kabla ya darasa la kwanza. Wazo zuri, hasa kwa sababu kijana wa kijijini anaijua lugha ya nyumbani ya watoto. Zanzibar, vituo vya Tucheze Tujifunze vilitumia vipindi vya redio: sauti inaongoza mchezo na wimbo, mlezi wa mtaani anawasimamia watoto. Nao ulikuwa ubunifu wa kweli. Lakini swali la mradi wa aina hii ni moja tu: siku mfadhili akifunga hesabu, posho ya yule kijana inatoka wapi? Msingi unaotegemea fungu lenye tarehe ya mwisho ni msingi wa kukodi.

Wapo wanaosema tuna walimu wengi wahitimu wasio na ajira, tuwapeleke awali. Nasita. Wengi wao waliandaliwa kufundisha historia au baiolojia kwa vijana wa sekondari. Mtu aliyepangiwa watoto wa miaka minne kwa kukosa pa kwenda atahesabu siku za kuondoka. Wakifundwa upya kwa muda wa kutosha, na wakichagua wenyewe kubaki, hapo nitakubali. Kumfundisha mtoto wa miaka minne ni ujuzi kamili. Masista wanaoendesha vyuo vya Montessori nchini wanalijua hilo. Wanafunzi wao huchukua muda mrefu kujifunza jinsi ya kumtazama mtoto akimimina maji bila kumwingilia.

Adui mwingine wa msingi huu, na nasema hili kwa upole, ni sisi wazazi. Mtoto akirudi nyumbani, mama anafungua daftari kutafuta vema. Kurasa zikiwa tupu kwa sababu watoto walicheza duka, anaona ada au michango yake imepotea. "Wanachezacheza tu kule." Mwalimu akisikia hayo mara tatu anarudi kwenye a, e, i, o, u ubaoni, maana daftari lenye vema ndilo linalomlinda. Mjini ni zaidi: mtoto wa Mswahili wa miaka mitatu anafundishwa kwa Kiingereza na mwalimu ambaye naye Kiingereza kinamsumbua, na mzazi analipa kwa furaha.

Ghana ilipata somo chungu hapa. Katika eneo la Accra, shule 240 ziliingizwa katika jaribio la kuwapa walimu wa chekechea mafunzo na ufuatiliaji darasani. Walimu walibadilika, watoto wakasonga mbele. Lakini pale ambapo wazazi nao waliitwa mikutanoni na kuonyeshwa filamu kuhusu umuhimu wa mchezo, faida ya watoto ilipotea. Huenda wazazi waliusikia ujumbe na kuugeuza: kama shule imekuwa mchezo, basi nyumbani tukaze fimbo na kazi za daftari. Mzazi habadilishwi na hotuba ya dakika arobaini. Mwite akae kwenye jamvi asubuhi moja, amwone mwanawe akipanga vizibo, na mwalimu amweleze kinachoendelea. Kwa njia hiyo nimemwona baba mmoja, fundi baiskeli, akirudi wiki iliyofuata na mfuko wa nati na mipira ya valvu kwa ajili ya kona ya hesabu.

Chakula nacho. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kitu, saa nne anasinzia. Kikombe cha uji ni sehemu ya somo, na shule inayoweza kupika uji lakini haipiki haijaanza kufundisha.

Na lugha. Sera inasema awali ni Kiswahili, na kwa mtoto wa Tanga au Unguja hilo ni jambo la heri. Kwa mtoto wa Kisukuma au wa Kimaasai anayekisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza siku ya kuandikishwa, miezi ya mwanzo ni kelele tu. Anaonekana mjinga kumbe hajaambiwa kitu anachokielewa. Mwalimu msaidizi anayejua lugha ya kijiji, akiwamo darasani kwa mwaka wa kwanza tu, angewavusha mamia ya watoto kama hao. Sioni kwa nini hili liwe la kisiasa.

Mwaka 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Iliunganisha afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji wa awali, na kitu ambacho waandishi wake walikiita malezi yenye mwitikio. Neno hilo limechaguliwa vizuri. Mwitikio ndio mvulana wa vizibo aliokuwa akiusubiri bila kujua: mtu mzima mmoja aone, ashangae, aulize. Mwitikio hauwezi kutolewa kwa watoto 130, hata na mwalimu mwenye moyo wa dhahabu.

Kwa hiyo ningekuwa nashika fungu la halmashauri, ningeagiza hivi: hakuna darasa jipya la awali litakalofunguliwa kabla watu wazima wawili, mmoja mwenye cheti na msaidizi anayelipwa, hawajawa kwenye orodha ya mishahara. Watoto wakizidi hamsini, wagawanywe asubuhi na mchana, hata kama kila kundi litakaa saa mbili tu. Watoto 45 na watu wazima wawili kwa saa mbili wanapata zaidi ya dakika tano kila mmoja. Uji upikwe. Mkufunzi wa kata arudi darasani kila mwezi na kuketi kwenye jamvi, si kwenye kiti cha wageni. Bati na rangi vitafuata, kwa sababu kijiji kinachomwona mtoto wake anarudi nyumbani akisimulia alichofanya hakihitaji kusukumwa kuchangia.

Nawe mzazi, Januari utakapompeleka mwanao kuandikishwa, usiulize kwanza sare ni ya rangi gani. Muulize mwalimu mkuu mambo mawili: darasa la awali lina watoto wangapi, na mwalimu wake analipwa na nani. Akikosa jibu la lolote kati ya hayo mawili, lipeleke swali hilo kwenye mkutano wa wazazi, ulisome kwa sauti, na usikubali mkutano ufungwe kabla halijaandikwa kwenye muhtasari.